Farasi Watatu Wametangulia Uani Kwangu

Kosa ni langu. Silisukumi kwa shetani, maana hata yeye angeona haya kulipokea. Naandika asubuhi kweupe, mlango uko wazi, na uani farasi watatu wa mti wamesimama wakinitazama.

Ngoja nianzie nyuma, usije ukadhani nimerukwa na akili.

Mie nimemaliza kidato cha nne kwa shule ya usiku, hapa hapa Kibiti. Matokeo yalipotoka nilijitangaza mpaka kuku wa jirani wakajua. Kiingereza changu, nilisema, kinaweza kumtoa mamba wa Rufiji majini akaniomba radhi. Mke wangu akaniamini. Kaka yake, Saidi, akaniamini zaidi. Hapo ndipo balaa lilipoingia.

Saidi ni mchongaji, anakaa Ruaruke. Mzee Imtiazi, mwenye duka la vifaa hapa mjini, alimpa kasha aliloliacha mwanawe alipokwenda kusoma ng'ambo. Ndani mlikuwa na mchezo wa vita vya mezani. Unapanga majeshi, mazimwi huku, wapanda farasi kule, unatupa dadu, unasogeza askari kwa kipimo. Sanamu nyingi zilikuwa zimevunjika, basi Saidi akachonga nyingine kwa mti wa mkoko. Farasi hajawahi kumwona tangu azaliwe! Wa kwanza walifanana na mbuzi wenye homa. Wa mwisho, wallahi, ukiwaweka karibu na majani unaogopa watakula.

Kitabu cha kanuni kilikuwa cha Kiingereza kitupu.

"Haya, shemeji msomi, tusomee," akasema Saidi, tumekaa barazani kwa duka la Mzee Imtiazi. "Au kile cheti ulikichora mwenyewe?"

"Kaa chini, mchonga mbuzi wewe, ufunguliwe macho!"

Ndivyo tulivyo. Mashemeji sisi, utani ni halali yetu, tunatukanana kama wengine wanavyosalimiana.

Nikasoma vizuri mpaka nikafika kwa wapanda farasi wepesi, wale wasiovaa deraya. Hao wanageuka upande wowote bila kupoteza mwendo, tena wana haki ambayo wenzao hawana: kabla vita havijaanza, wanaruhusiwa kutangulia mbele ya jeshi. Sisi tulipima kwa mkono, shubiri mbili. Mpaka hapo nilielewa. Sentensi iliyofuata, loo! Sikuelewa hata nukta yake. Jasho likanitoka. Saidi ananitazama. Mzee Imtiazi naye kanikodolea kutoka kaunta.

Ningesema "hapa sijui," mbingu ingeanguka? Nikakohoa, nikavuta sauti ya mwalimu mkuu: "Na wakishatangulia, raundi ya kwanza wanashambulia hapo hapo!"

Niliitunga. Yote.

Saidi akaishika kanuni ile kama aya aliyohifadhi chuoni. Tukacheza hivyo miezi na miezi, barazani kwa Mzee Imtiazi, na Saidi akawa hashikiki. Hujapiga chafya, farasi wake wako kooni mwako!

Mzee Imtiazi akapeleka picha za sanamu kwa watu wa Dar wanaoucheza mchezo huo. Wakajibu: mchongaji aje na jeshi lake, acheze nasi tumwone. Akitupendeza, kazi ya kuchonga majeshi yetu yote ni yake. Jamani, Saidi alivyofurahi! Shamba la bondeni hakulipanda msimu ule. Alichonga tu, kutwa nzima, mpaka vidole vikaota sugu.

Wiki moja kabla ya safari nikachukua kitabu cha kanuni, kilichokuwa kikikaa kwangu msomaji, nikafungua kamusi. Si kwa kheri, kwa kiburi tu, nijipongeze nilivyo hodari. Nikatafuta neno moja moja la sentensi ile iliyonishinda. Sentensi ilisema wakishatangulia, raundi ya kwanza hawaruhusiwi kushambulia.

Nikafunga kitabu. Nikanyamaza.

Siku ya safari tulisimama stendi, yeye kalikumbatia kasha lake kama mtoto mchanga. "Shemeji, nikishinda jina lako nalitaja," akaniambia. Hakutania siku hiyo. Nikafungua mdomo. Kondakta akapiga bodi ya basi. Nikasema, "Safari njema." Hiyo ndiyo dhambi yenyewe! Ile ya kwanza ilikuwa ujinga tu.

Huko Dar farasi wake wakatangulia, wakashambulia. Wakamwambia anaiba mchezo. Akaapa: "Shemeji yangu kasoma, kanisomea kwa mdomo wake!" Wakacheka. Mmoja akafungua ukurasa, akamfasiria neno kwa neno mbele za watu. Kazi ikaishia hapo. Haya kanisimulia Mzee Imtiazi, naye kaambiwa na wale wa Dar. Saidi mwenyewe hajanisemesha tangu arudi.

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili! Mtani akikutukana, bado ni wako. Saidi hakutukana.

Ijumaa ya kwanza nikatoka asubuhi, nikakuta farasi mmoja uani, uso kauelekeza mlangoni. Mchangani pana alama za baiskeli, tairi la nyuma lenye kiraka. Nalijua tairi lile. Nikacheka, nikadhani utani umerudi.

"Usimguse," mke wangu akasema. "Kaka yangu akiweka kitu, anakiondoa mwenyewe."

Ijumaa ya pili wakawa wawili, sambamba. Sikucheka.

Leo, Ijumaa ya tatu, wako watatu: wale wawili wamesogea mlangoni, wa tatu kapangwa nao sambamba. Nikapiga magoti, nikapima kwa kiganja kutoka alama walizoacha wale wawili mchangani. Shubiri mbili kamili.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Baba Zuhura, umemfanya nini kaka yangu?"

"Sijui," nikamjibu.

Lahaula! Neno lililonishinda barazani siku ile, leo limetoka lenyewe, na limetoka kwa uongo.

Wewe unayewasomea wenzio, iwe barua, iwe maelezo ya dawa, iwe mchezo tu, ukifika usipopajua, sema hupajui. Utachekwa siku moja, basi. Na ukigundua umempotosha mtu, mwambie angali amesimama mbele yako. Usingoje basi liondoke.

Naona Saidi sasa anacheza kwa kanuni ya kweli. Farasi wake wametangulia, wamesimama. Raundi ya kwanza hawashambulii. Basi nimebakiwa na raundi moja, mpaka Ijumaa ijayo.

Kitabu kiko kwapani. Nitamwambia mke wangu kwanza, kisha niende Ruaruke. Ila kufika barabarani lazima nipite katikati yao, na mpaka sasa sijainuka hapa ninapoandikia.