Kunuka na Kunukia

Nina pua kali na ulimi mkali zaidi, na vyote viwili vimewahi kunitia aibu humu nyumbani mwetu Kisauni. Mara hii viliniaibisha pamoja.

Mvua za masika zilikuwa zimeshika. Nguo zilishinda kambani siku mbili bila kukauka, na maji ya kisima chetu ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Basi shuka na kanga zilipoanza kutoa harufu, nilidhani ni uvundo wa unyevu. Nikaziloweka kwa siki. Nikazikamulia ndimu. Mwisho nikawasha chetezo, nikafunika tenga juu yake, nikatandaza nguo na kuzifukiza udi mpaka macho yakaniwasha. Zikatoka na harufu mbili badala ya moja. Ijumaa ile mume wangu alirudi kutoka msikitini, akavua kanzu, akaniuliza kwa upole ilikuwa imefuliwa kwa kitu gani hasa. Upole wake uliniudhi kuliko kama angefoka.

Aliyekuwa akitufulia ni mama mmoja Mgiriama, Mkristo, mtu wa makamo, akitoka Magogoni kila Jumatatu na Alhamisi. Akimaliza kukunja alikuwa na maneno yake: "Nguo zinanuka vizuri, dada." Nami ni mwalimu, tena sisi wa hapa hujiona ndio wenye Kiswahili, basi kila mara nilimsahihisha kwamba kilichooza ndicho hunuka, kizuri hunukia. Alicheka, na wiki iliyofuata akasema vilevile.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta chumbani kwa mama yangu mzazi, ambaye anaishi nasi tangu baba afariki. Mama alikuwa ameketi kitandani na tasbihi yake, na yule mama akikunja nguo kando yake. Nilichukua shuka, nikamsogezea puani.

"Leo neno lako ni sahihi," nikamwambia. "Nguo zanuka."

Nilitaraji atailaumu mvua au kisima, kama nilivyofanya mimi mwenyewe. Hakulaumu kitu. Alimtupia mama jicho mara moja, kisha akatazama chini, akaomba radhi, akasema atazirudia. Nikamjibu hapana haja, na Alhamisi asije. Mama aliendelea kuvuta tasbihi.

Nikaanza kufua mwenyewe siku ambazo si za shule, na nguo zikapona. Wallahi zilinukia. Nikamringia mume wangu nikamwambia, umeona, tatizo halikuwa maji, lilikuwa mikono. Nayaandika maneno hayo hapa kwa sababu ni yangu na siwezi kuyakana.

Wiki ya tatu nikaikuta harufu ileile chumbani kwa mama. Niliinama, nikavuta mfuko uliosukumwa uvunguni mwa kitanda. Ndani mlikuwa na kanga zake, zile nzuri na zile kuukuu, zimeviringishwa mbichi na kuota ukungu. Harufu ya mkojo ikanipanda mpaka machoni. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukutani.

"Siwezi kujizuia, mwanangu," alisema. "Yule ndiye alokuwa akinisitiri."

Yaliyobaki aliyatoa kidogo kidogo, uso ameuelekeza dirishani. Ilikuwa karibu mwaka sasa. Kanga zilizolowa alizificha chini kabisa ya tenga la nguo chafu, chini ya nguo zetu, na yule mama akija alizitoa kwanza, akazifua peke yake kabla sijarudi kutoka shuleni. Lakini tangu Alhamisi hadi Jumatatu ni siku nyingi, na kwa unyevu wa masika harufu ilipanda ikaingia katika nguo za watu wote. Baada ya mimi kumfukuza, mama hakuthubutu tena kutia kitu tengani. Ndiyo maana nguo zangu zikapona.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha nimfukuze mtu asiye na kosa. Akasema alikuwa akitafuta la kusema mbele yangu na hakuliona. Nilimkasirikia, sifichi. Kisha nikafikiria ni binti wa namna gani ambaye mamake humficha kanga zake na kumwonyesha mtu wa nje, na hasira ikanigeukia mimi.

Siku ya pili nilikwenda Magogoni. Nilimkuta mlangoni kwake akichambua mchicha, akanipa kigoda. Nilimwomba msamaha, machozi yakanitoka bila kutaka. Akasema yamekwisha, mvua ile ilimchosha kila mtu. Nilipomwomba arudi, akasema siku zile amekwisha kuzipatia nyumba nyingine, atatazama. Akaendelea na mchicha wake kidogo.

"Mama anaswali?" akaniuliza.

"Anaswali," nikajibu upesi.

"Kwa nguo gani, dada?"

Hakuuliza kwa kunisuta. Akanieleza kwamba kanga za kuswalia alikuwa akizifua mwisho, mbali na nyingine, na kuzisuuza maji matatu, kama mama alivyomfundisha, maana nguo yenye najisi haisimami kwenye msala. Yeye si wa dini yetu, lakini hakuwahi kupunguza hata maji mamoja.

Nilikaa pale kigodani nikaukumbuka msala wa mama. Siku nne nyuma, nilipokuwa nikifagia chumba chake, niliuinua pale ulipokunjwa nyuma ya mlango, ukatoa vumbi la siku nyingi. Niliukung'uta dirishani, nikaurudisha palepale, nikaendelea kufagia.