Kengele ya Pili ya Bwana Meneja

Meneja wetu alirudi kutoka safari bila kupita mlangoni. Tulikuwepo watu kumi na mmoja, tukasikia wenyewe.

Ilikuwa 1974, shirika moja la umma huko Chang'ombe. Mie ndiye niliyekuwa opereta wa simu.

Mume wangu Albano alifia kazini, kwenye mashine. Ili wanangu wasitolewe nyumba ya shirika, nilihitaji saini moja ya meneja, Gozbert. Mwisho Ijumaa.

Miezi mitano kila nikienda mlangoni kwake naambiwa yuko safari, na huku simu zake naunganisha mie. Na mwenyewe alinipa amri niwaambie watu hivyo hivyo.

"Yustina, akiulizwa Gozbert, hayupo. Niunganishe na wizara tu."

"Na mie nikiwa na shida?"

"Hasa wewe."

Hilo "hasa wewe" sikulisahau. Nilisali rozari, lakini sikuomba amani. Niliomba nafasi.

Alhamisi akaja fundi Ansbert kufunga mtambo mpya wa simu, kupanga ipi iite wapi.

"Mama, ya bosi iite ndani tu?"

"Muongezee kengele koridoni. Kubwa. Kasema mwenyewe."

Hakusema. Nilidanganya.

Fundi alipoondoka, nikachungulia kidirishani. Benchi la koridoni limejaa wenye shida zao.

"Bosi yuko wapi?" nikawauliza.

"Dodoma," akajibu mzee mmoja. "Si wewe uliyetuambia?"

"Basi sikilizeni. Kengele hii haikati mpaka mtu ainue simu ya ndani kwa bosi."

Nikazungusha namba. Ikalia juu ya vichwa vyao. Mara tatu. Ikakata.

"Ndiyo, wizara?" Sauti ya Gozbert sikioni mwangu, laini kama maziwa.

"Si wizara, bosi. Pole na safari."

Vijana wa karakana waliokuwa benchini wakausukuma mlango wa bosi. "Kumbe Dodoma ni hapa tu," mmoja akasema.

Ndani, Gozbert anakunywa chai na Polikarpo, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Yule aliyekuwa akiniambia kila Jumatatu, "Vumilia shemeji, nakupigania."

Mezani kuna barua ya nyumba yangu. Jina la anayepewa limeandikwa Polikarpo. Bado saini tu.

Ikachanwa hapo hapo. Gozbert akasaini yangu, watu wote wamemsimamia.

Polikarpo akanipita kichwa chini. "Shemeji, ni shetani tu."

"Msalimie."

Ndugu zangu, ukiwa na shida usimtazame tu anayekufungia mlango. Mtazame na anayekuja kukupa pole.

Ule uongo niliungama kwa padri Jumamosi. Raha niliyoipata sijaiungama mpaka leo.