Dekano na Sheria ya Kilatini

Dekano, mkuu wa chuo chetu kule Kastilia, Uhispania, alikuwa na vidole vilivyopindwa na baridi yabisi, na kila mtahiniwa alipokosea alivigonga mezani, ko, ko, huku akitazama dirishani. Sheria aliyoilinda kuliko zote ilikuwa hii: anayetaka shahada ajibu kwa Kilatini; neno moja la Kihispania chumbani mle, amefeli. Siku ya mtihani wa Gaspar Olmedo, mtoto wa msusi wa vikapu, mambo yalikwenda vizuri mpaka nta ya mshumaa wa ukutani ilipomdondokea shingoni.

“Mama yangu wee, naungua!” akapiga kelele, kwa Kihispania.

Sisi wanafunzi wenzake tuliokuja kutazama tukaigeukia meza ya watahini. Mtahini mmoja akainuka, akasema kwa Kilatini kwamba mtihani umekwisha. Dekano akamgeukia, akamjibu kwa Kihispania kizito cha kijijini kwao: “Hebu kaa chini, bwana wewe. Au unifelishe na mimi?”

Yule mtahini akakaa. Gaspar akalijibu swali lililobaki, akafaulu, tukambeba juujuu hadi uani. Dekano akatupita, akatukemea kwa Kilatini kwa makelele yetu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwogopa.