Ndugu wa Merikebu Moja

Mama yangu Beneba alikuwa na kaka mmoja tu, na hawakuzaliwa nyumba moja. Mjomba Kudjo alitekwa bara, mama akatekwa pwani, na lugha zao hazikuelewana hata kwa salamu. Walikutana ndani ya merikebu iliyowaleta Jamaika. Wanaume walifungwa huku, wanawake kule, na Kudjo alimpenyezea maji kwa kitambaa kilicholowa, kupitia ufa wa ubao. Kwetu waliovuka pamoja ni ndugu wa damu. Hawaoani, wala watoto wao.

Hilo nalijua kwa uchungu. Nilipokuwa kigori nilimpenda Kwaku, mwana wa Kudjo. Mama akaniambia, "Huyo ndugu yako. Futa machozi, muhogo haujikuni." Nikafuta. Mwaka uliofuata Kwaku akauzwa mbali, hatukumsikia tena. Mimi nikaolewa na mtu mwema mwenye miguu mikubwa, na sijuti.

Uhuru wa watumwa ulipokuja tulipata kiwanja mlimani, kwenye ardhi ya kanisa. Mama aliuza mikate ya muhogo sokoni, akipiga domo zaidi ya kuuza. Kudjo alipofiwa na mkewe na macho yakamwishia, mama alimleta kwake, akampa chumba cha mbele. Wakawa wanashinda wakigombania chumvi ya mchuzi, na sijapata kuona wazee wenye raha kama wale.

Kisha akaja mchungaji mgeni kutoka Uingereza. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka mno ya kutuokoa. Jumapili moja akamsimamisha mama mbele ya waumini.

"Mama Beneba, mwanamume asiye jamaa yako analala kwako. Juma lijalo nitawafungisha ndoa. La sivyo, mzee ahame ardhi ya kanisa."

Kanisa zima likaguna.

"Toba!" jirani yetu Bi Aba akapayuka. "Kaka na dada? Mchungaji, unatutakia laana?"

Niliogopa kweli. Kipofu asiye na mtoto wa kumshika mkono angekwenda wapi? Lakini mama alimkazia macho mchungaji.

"Huyu ni kaka yangu," alisema.

"Baba mmoja?"

"Hapana."

"Mama mmoja?"

"Ndiyo, mama mmoja. Ile merikebu. Ilitubeba tumboni miezi miwili, gizani, kisha ikatutoa uchi, tunalia, hatumjui mtu. Wewe mwanangu ulizaliwaje?"

Mchungaji akawa mwekundu. Akafungua daftari la waumini, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Beneba. Na mdogo wake, Kudjo."

"Mdogo?" Mjomba akang'aka kutoka kwenye benchi. "Mdogo wa nani? Huyu kanikuta mle ndani!"

Watu wakaangua kicheko.

"Mwongo mkubwa," mama akasema. "Mimi ndiye niliyetangulia."

"Ulitangulia wapi? Nilikuwa na siku tisa mle wakati wanakuteremsha ndani. Nilikusikia. Lugha yako sikuijua, ila kumlilia mama hakuna lugha. Ulikuwa unamwita mama yako, unamwita, mpaka sauti ikakauka. Ndipo nikatafuta ufa."

Kicheko kikakatika. Mama alirudi akaketi karibu naye, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakubali kushindwa.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye mkubwa. Twende nyumbani ukale."