Mchimba Vyoo Aliyetutembeza Juba

Simu ilikuja Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya maji, na aliyepiga ni mama mmoja wa mtaa wa Juba Na Bari anayekaanga mandazi nje ya geti lake. Si mtu wa kunipigia kwa salamu tu. "Mzee ametuacha," alisema. "Kifua. Jana jioni." Nikaanza maswali yangu ya kila siku: alipelekwa hospitali gani, alipewa dawa gani, nani alikuwa naye. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mwanangu, kesi ya nyumba yangu iko Alhamisi. Yeye ndiye alikuwa atanisemea. Sasa nani?" Nilimwambia pole, nikamwambia nitakuja msibani, nikakata. Swali lake sikulijibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

Wasomaji wa muda mrefu mnamjua marehemu, ingawa sikumtaja jina wakati ule na simtaji leo. Ndiye yule mchimba vyoo niliyemwandika mwaka jana. Alirudi kutoka ukimbizini Uganda kama sisi wengine, bila cheti, akiwa na sururu, koleo, ndoo na kamba, akaanza kuchimba vyoo vya shimo katika mji ambao kila mtu alikuwa anajenga upya na kila mtu alihitaji choo kabla ya kitu kingine chochote. Alichimba Hai Jalaba nyuma ya maduka, alichimba Juba Na Bari hadi maji yalipomkatalia, alichimba New Site mpaka mikono ikaota sugu kwenye mawe. Kila alichokikuta ardhini alikitia kwenye gunia: vifungo, vipande vya vikombe vya kauri, chupa nene za kijani, tofali lenye alama ya kidole cha aliyelifyatua. Jumapili moja baada ya ibada aliomba dakika kumi, akamwaga gunia lile juu ya meza ya ukumbi wa kanisa. Wenye maduka kutoka Uganda waliokuwa wamekaa nyuma walicheka sana. "Mzee wa choo anatufundisha historia!" mmoja akapaza sauti. Yeye akamtazama bila kukasirika. "Cheka tu, ndugu yangu. Wewe umelala juu yake miaka mingi. Mimi peke yangu ndiye nimeingia chini."

Dakika kumi zikawa saa nzima, na baada ya hapo zikawa matembezi ya kila Jumamosi. Nilikwenda mara ya kwanza ili nimkamate. Nasema kweli. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala na kichwa kilichojaa mbinu za utafiti, na nilikuwa nimechoshwa na watu wa mji huu wanaosimulia mambo ya zamani kama mashahidi na kumbe hawakuwapo. Nilitaka kuona huyu naye anadanganya wapi. Alikuwa na taratibu zake. Hakusimama mbele ya geti lolote kabla ya kupiga makofi na kuomba ruhusa, na mwenye nyumba ndiye aliyesema kwanza. Kisha yeye alieleza jambo moja tu, alichokitoa shimoni na kina chake, akipima kwa mwili wake: magotini, kiunoni, kifuani, juu ya kichwa. New Site alitusimamisha kwenye uwanja mtupu kati ya vibanda viwili akasema, "Hapa nimechimba mashimo mengi kupita pahali pote, na sijatoa kitu. Mawe tu. Basi angalieni nyinyi mnaacha nini." Kijana mwenye kibanda akajibu, "Tunaacha chupa za plastiki, mzee." "Sawa. Atakayechimba kesho atasema hawa watu walikuwa na kiu sana." Watu walicheka. Mimi nikanyoosha mkono: anajuaje kwamba hakuna aliyeishi pale kabla? "Mimi hapana jua, binti ya gazeti. Mimi nasema shimo langu limeniambia nini. Uliza na shimo ingine."

Lakini kulikuwa na kitu alichokataa kabisa kukisema, nacho ni mahali fulani palikuwa pa nani. Angekwambia watu walikunywa chai hapa, walichoma matofali, walifuga mbuzi. Ukimuuliza jina la mwenye mbuzi, anasogea mbele. Nilidhani ni woga, na kwa miezi kadhaa jambo hilo lilinikera kama kijiwe kwenye kiatu. Historia gani haina wenyewe? Tunalalamika kwamba hatukuandikwa, kwamba karatasi zetu ziliungua au zilibaki kwenye sanduku la mtu ng'ambo ya mpaka, na huyu aliyebahatika kushika ushahidi kwa mikono yake anafunga mdomo! Sikufikiria, au sikutaka kufikiria, kwamba tunaishi katika mji ambao watu waliondoka, wakarudi wakakuta wengine wamejenga, na wale waliojenga nao walikuwa wamekimbia kutoka kwingine, na kila mmoja ana karatasi yake au ana shahidi wake au hana chochote ila ukuta aliousimamisha. Katika mji wa namna hiyo, kusema "hapa palikuwa pa fulani" si kusimulia tena. Ni kufungua kesi.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia tulikuwa Juba Na Bari, watu kama kumi na watano, nje ya geti la huyo mama wa mandazi. Ni mjane. Alirudi kutoka kambini na mumewe, wakajenga vyumba viwili vya tofali na mabati, mume akafa, naye akabaki. Alitugawia mandazi, akatuambia maisha yake kwa ufupi, akampisha mzee. Mzee akaonyesha kifuani. "Hapa, wakati nachimbia mama choo, nimekuta msingi. Tofali ya kuchoma, mstari umenyooka. Kulikuwa na jengo. Na vikombe. Watu walikula na walikunywa hapa."

"Jengo la nani?" niliuliza.

"Mimi hapana jua."

"Mzee, umeuona msingi. Umeongea na wazee wa hapa. Unajua."

"Hapana jua, binti."

"Unaogopa kusema?"

"Hapana jua. Twende mbele."

Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho chuoni tulikisifu sana. Nilisema kwa sauti ya kusikika kwamba kama hajui jengo lilikuwa la nani, basi matembezi yake ni burudani, si historia. Wanafunzi wawili wakacheka na mwenye duka mmoja akasema, "Uwii, mzee, amekubana!" Uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu mwenye fahari, na tulikuwa tumemgeuza kichekesho mbele ya mwenyeji wake. Akasema, polepole, "Watu wakubwa walikuwa wanasema ni stoo ya mtu wa chumvi wa Hai Jalaba. Walikuwa wanasema." Kisha akaondoka mbele yetu bila kutungoja. Wiki hiyo safu yangu ya gazetini ilieleza namna swali moja jema linavyoweza kufungua ardhi. Na katikati yake kulikuwa na sentensi iliyonipendeza sana nilipoiandika: chini ya nyumba hii kuna stoo ya mfanyabiashara wa chumvi wa Hai Jalaba. Zile "hapana jua" tatu niliziacha nje. "Walikuwa wanasema" nayo niliikata, kwa kuwa ilidhoofisha mdundo.

Haukupita muda mrefu akatokea mwanamume mmoja getini kwa mama, amevaa vizuri, anaongea kwa adabu. Babu yake, alisema, aliuza chumvi Hai Jalaba. Mkononi alikuwa na safu yangu, ameikata gazetini na kuifunika kwa plastiki kama cheti cha shule. Alitaka kiwanja cha familia yake. Suala likaenda kwenye korti ya sultani, yaani chifu wa mtaa, na pale mama hakuwa na cha kuonyesha ila vyumba viwili na kaburi la mumewe lililoko kwingine.

Mzee alikuja ofisini kwangu mara moja tu. Alikaa ukingoni mwa kiti akiwa na udongo kwenye kucha, akakataa chai. Hakuniomba nimwombe radhi. "Wewe andika tu ile mimi nilisema kwanza," aliniambia.

"Mzee, ulisema stoo ya mtu wa chumvi, au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi kosa liko wapi? Gazeti linasahihisha kosa."

"Kosa iko pale mbele yake. Wewe ulikata. Mimi nikichimba, natupa udongo yote juu, watu wanaona yote. Wewe unachagua udongo."

Nilimwambia kwamba hivyo ndivyo uandishi ulivyo. Nilimwambia pia, na hili linanichoma hadi leo, kwamba angetaka kutonukuliwa asingesema. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akashika njia. Tangu siku ile alihudhuria kila kikao cha mama. Aliacha kazi siku hizo, akafunga safari kwa miguu ili aseme yale yale: kwamba yeye hajui. Walimjibu yale yale pia: mbona gazeti linasema unajua? Na vikao vikaahirishwa, na mvua zikaja, na kifua kikaja.

Nimekaa na haya tangu Jumanne na sipati utulivu. Msibani nilihesabu viti, nikasikiliza waimbaji, nikatoka nje mara tatu bila sababu. Kulikuwa na watu waliosema mji umepoteza kumbukumbu yake, na moyoni nikabisha: yeye hakuwa kumbukumbu ya mji, alikuwa mtu mmoja mwenye sururu aliyejua pa kuishia. Sisi tuliosoma ndio hatujui. Tunaona shaka ni kitu cha kuwarushia wengine. Ni lini niliitilia shaka sentensi yangu mwenyewe, hasa ile iliyonipendeza? Nilimwona mwoga kwa sababu alikataa kusema asichokijua, nami nikajiona jasiri kwa kuchapisha nisichokijua, tena juu ya nyumba ya mtu mwingine.

Alhamisi nilikwenda. Korti yenyewe ni paa la bati, mabenchi na meza moja, na sultani ni mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mwenye safu ya plastiki aliiweka mezani, akasema aliyeyanena haya amefariki, basi maneno yake yasimame. Nikaomba kusema. Nilikuwa na daftari langu la siku ile, na nikasoma kama lilivyo: "Anasema hajui. Anasema hajui. Anasema hajui, anakwepa. Nimbane." Halafu: "Watu wakubwa walikuwa wanasema."

"Wewe ndiye uliandika hii ya plastiki?" sultani aliuliza.

"Ndiyo."

"Na hii ya daftari?"

"Ndiyo."

"Kwa nini moja inajua na nyingine haijui?"

"Ya daftari haikupendeza kusoma, mzee."

Mabenchi yakacheka, hata yule wa mbele aliyekuwa anasinzia. Mama hakucheka. Aliniangalia tu, na sijawahi kuangaliwa hivyo na msomaji. Sultani aliisogeza karatasi ya plastiki kwa ncha ya kidole hadi ukingo wa meza, akamwambia yule bwana airudishe nyumbani, na kwamba akiwa na karatasi ya babu yake, si ya binti huyu, ailete mvua zikiisha. Mpaka hapo mama akae kwake. Ndivyo ilivyoamuliwa, na si ushindi. Mvua zitaisha. Huenda yule bwana ana karatasi. Huenda babu yake kweli aliuza chumvi. Huenda hata msingi ule ulikuwa wake. Nje, mama alikunja kanga yake akaniambia, "Asante kwa kuja." Kisha akaongeza, bila ukali, "Ungekuja wakati yeye yuko."

Kwa hiyo ichukulieni safu hii kuwa ni sahihisho. Mwaka jana niliandika kwamba chini ya nyumba fulani ya Juba Na Bari kuna stoo ya mfanyabiashara wa chumvi. Kilichosemwa ni kwamba kuna msingi wa tofali za kuchoma, kina cha kifua, na vipande vya vikombe. Aliyeuona alisema mara tatu kwamba hajui ulikuwa wa nani, na mara ya nne alisema kwa sababu nilimwaibisha. Nitaendelea kuuliza, sijui kuishi namna nyingine. Ila nimejifunza, kwa gharama iliyolipwa na watu wengine, kwamba ukimuuliza mtu swali na akakujibu kwamba hajui, umeshajibiwa, na wajibu wako ni kuliandika jibu hilo lote kabla hajafa.