Mashine za Masikio za Baba

Baba alifanya kazi ya kufuma nguo katika kiwanda kimoja mjini Thika mpaka akastaafu, na kelele za zile mashine ndizo zilizomharibia masikio. Kwa miaka mingi mama ndiye aliyemsikilizia. Mgeni akisema jambo, au pasta akitoa tangazo, mama alimgeukia akamrudishia maneno polepole karibu na sikio la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu. Mama alipofariki, baba alibaki peke yake katika nyumba yetu ya Ngoingwa, huko huko Thika. Alianza kutabasamu kila mtu alipomsemesha, hata alipokuwa anapewa pole.

Ndugu yangu mdogo, ambaye anaishi Kanada, ndiye aliyemnunulia mashine za masikio za kumsaidia kusikia. Ni vitu vidogo vya rangi ya kijivu, vinakaa nyuma ya sikio. Ndugu yangu alikuwa akimpigia baba kila Jumapili baada ya kanisa, kwa video, kupitia kompyuta iliyokuwa sebuleni, kwa sababu baba alitaka kioo kikubwa ambacho angeona mdomo wa mtu ukienda. Lakini spika za kompyuta zilimfikia kama mkwaruzo tu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikienda kutoka Ruiru kuongea na ndugu yangu, huku baba amekaa kando yangu akitabasamu. Tuliongea mambo yote mbele yake. Siku moja ndugu yangu akasoma kwamba mashine zile zinaweza kuunganishwa na kompyuta kwa Bluetooth, bila waya, sauti iingie moja kwa moja masikioni. Akaniambia nijaribu.

Mimi si fundi. Ninakaa Gatongora, mtaa wa Ruiru, na ninafanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno, na ninachojua kuhusu kompyuta nimejifunza kwa kupigana na printa ya pale kazini. Nilifika Ngoingwa Jumamosi asubuhi na kijiti kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka nyuma ya kompyuta. Sukuma wiki za mama zilikuwa zimeachwa zikarefuka na kutoa maua. Baba alinifungulia, akanisalimia kwa sauti kubwa.

"Umekuja, Mami."

Huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

Kompyuta ilitafuta, ikatafuta, haikuona kitu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mashine zile hujitokeza kwa dakika chache tu, baada ya kufungua na kufunga kifuniko cha betri. Nilimwomba baba azivue, nikafungua na kufunga, na bado hazikuonekana. Kumbe kila zilipowaka zilikimbilia simu ya baba, ambayo zilikuwa zimeizoea. Nilizima Bluetooth ya simu, nikarudia, na jina la mashine likatokea kwenye kioo. Nikabonyeza. Kompyuta ikaandika kwamba zimeunganishwa.

"Imeshika?" baba aliuliza.

Nilimwekea wimbo wa kanisa. Alikaa ameinamisha kichwa, akingoja, kisha akatikisa kichwa. Hakusikia chochote.

Nilichagua upya mahali pa kutolea sauti. Nilizifuta mashine nikaziunganisha tena. Mchana tulikula githeri, nikarudi kwenye kiti. Mwishowe nilifungua ile orodha ya huduma zinazofanya kazi chinichini, zile ambazo mtu hazioni lakini ndizo zinazoendesha kompyuta, nikakuta ile ya kupeleka sauti kwa Bluetooth imesimama. Niliianzisha. Ikafanya kazi, na baba akainua macho. Nilipozima na kuwasha kompyuta ili nihakikishe, huduma ilikuwa imesimama tena.

"Wacha tu, Mami," baba aliniambia. "Umechoka. Nitamwangalia hivyo hivyo."

Nilijua sitalala vizuri nikiacha kazi hapo, kwa hiyo nilibaki Ngoingwa usiku huo. Jumapili baada ya kanisa niliendelea, na ndipo nikaona programu moja ya kusafisha kompyuta ambayo baba alikuwa amewekewa mjini ili iende haraka. Ndiyo iliyokuwa ikizima huduma hiyo kila kompyuta ilipowaka, ikidhani haina kazi. Niliiondoa. Nikazima, nikawasha. Safari hii huduma ilibaki imewaka, na baba akaanza kupigapiga goti polepole kufuata wimbo ambao mimi sikuusikia, kwa maana sauti yote ilikuwa inaingia kwake.

Hata sikupata nafasi ya kumwandikia ndugu yangu kwamba tumefaulu. Alipiga papo hapo. Nilipokea, uso wake ukajaa kioo, amevaa sweta nzito, nyuma yake dirisha jeupe. Alitazama upande wangu kama kawaida akaanza kuongea. Niliona mdomo wake tu. Nilikuwa nimeinua mkono nimwonyeshe masikio ya baba, nikaona tabasamu la baba limeondoka.

"Anauliza kama nimeshaambiwa mambo ya nyumba," baba alisema.

Ndugu yangu aliacha kunitazama mimi, akamtazama baba.

Mimi na yeye tulikuwa tumeongea kwa miezi kadhaa. Nyumba ya Ngoingwa ingepangishwa, na baba angekuja kukaa nami Gatongora. Alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Aliwahi kuacha gesi ikiwaka mpaka jirani akaja kugonga, na hakusikia kugongwa. Ilikuwa imebaki mimi kumwambia, na nilikuwa nikingoja siku nzuri.

"Nyumba ina nini?" baba alimuuliza ndugu yangu.

Nilikaa pale nikimtazama baba akisikiliza. Ndugu yangu aliongea kwa muda mrefu, mara nyingine akiangalia chini. Baba aliitikia kwa kichwa, tena na tena, jinsi anavyoitikia daktari. Mara moja tu alinigeukia, akaniangalia, kisha akarudi kwenye kioo. Mwishowe akasema, "Sawa. Nimekusikia vizuri." Akazivua mashine, moja kisha nyingine, akaziweka kwenye kitambaa cha meza. Ndugu yangu alikuwa bado anaongea. Nilikata simu.

Baba alitoka nje, nami nikamfuata. Alikuwa amesimama kando ya tangi la maji. Nilimwendea mbele ili anione mdomo.

"Baba, nilikuwa nataka kukuambia mwenyewe."

"Anasema si ninyi mlioanza," alisema. "Anasema ni mama yenu, akiwa hospitali, ndiye aliwaambia nisiachwe hapa peke yangu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Boda boda ilipita barabarani na hakuigeukia.

"Nilikuwa nakaa naye pale hospitali kila siku," alisema. "Alinieleza wauguzi wanasema nini. Alinieleza yule wa kitanda cha pili anataka nini. Hili hakuniambia."

Nilitaka kusema kwamba mama aliogopa kumuumiza, lakini hilo lilikuwa neno refu la kupigia kelele uani, majirani wakisikia. Nilimwambia, "Pole, Baba." Aliitikia, sijui kama alilisoma mdomoni mwangu au alikisia.

Hakukataa kuhama. Nilitarajia tugombane, na labda ingekuwa nafuu. Mvua zilipoisha alikusanya vitu vyake mwenyewe, akachagua vichache kuliko nilivyotaka achukue, na alipofunga geti akampa mpangaji funguo bila kuangalia nyuma. Mpangaji ni mwalimu mwenye familia, mtu mzuri. Kwangu baba ana chumba chenye jua la asubuhi. Haanguki. Anakula vizuri. Mashine huwa hazivai sana, kwa sababu ploti yetu, yenye nyumba nyingi za kupanga, ina kelele, na kando yetu wanajenga. Anasema zinamletea nyundo zote za Ruiru kwa wakati mmoja.

Jumapili ndipo huzivaa. Mimi huhakikisha huduma imewaka, nazima Bluetooth ya simu yake, na naunganisha kompyuta. Uso wa ndugu yangu ukitokea, mimi humsalimia kwa mkono na kuwaachia nafasi. Wanaongea nusu saa, wakati mwingine zaidi. Nikiwa jikoni namsikia baba tu, anasema ndiyo, anasema hapana, anauliza kama kuna baridi. Akimaliza huzima mwenyewe, kama nilivyomwonyesha, akarudi chumbani. Haniambii walichoongea, nami simuulizi.