Bosi Haoni Kushoto

Ungemtazama Fundi Herufi asubuhi zile, ungedhani anaishi nyumba moja na wezi. Akifungua karakana, kabla hata hajavua koti, alinusa makopo ya rangi, akapapasa brashi moja moja, kisha akainama kuchungulia miguu ya ngazi kama kuna tope jipya. Na brashi zilikuwa zimelowa. Jana alizisafisha kwa mkono wake na kuzining'iniza zikauke, leo zinadondosha maji, na moja imebaki na wekundu ndani ya manyoya. Ufunguo wa pili wa karakana ulikuwa na mtu mmoja tu, shemeji yake, Spea.

Jina hilo mtaa ulimpa bure. Herufi ndiye aliyeandika mabango: maduka, gereji, vinyozi, shule. Spea, mdogo wa mkewe, alipaka rangi ya chini, akabeba makopo, akashika ngazi na kufuta matone. Watu walisema popote linapokwenda gari, tairi la spea nalo linakwenda, limefungwa nyuma halina kazi. Wakacheka, na jina likaganda. Mwenyewe hakuwahi kulikasirikia, na siku hizi hata hilo lilimtia Herufi mashaka. Mtu mzima, mvi zimeshaanza kumtoka, aitwe Spea na aitike kwa tabasamu? Lazima ana lake jambo.

Halafu kulikuwa na kile kidude. Mara kadhaa Herufi aliingia karakana ghafla akamkuta Spea amejikunyata kwenye ndoo, amekumbatia kitu, vidole gumba vinahangaika. Akimwona tu, anakitia mfukoni na kuanza kukoroga rangi ambayo haihitaji kukorogwa.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Nakoroga."

"Nyeupe?"

"Isije ikagandamana."

Spea alidhani anamdanganya mtoto.

Kuna jambo Herufi alilificha, na ndilo lililompa macho hayo ya kipelelezi. Jicho lake la kushoto lilikuwa linazimika. Lilianza na ukungu pembeni, ukazidi, mpaka ikambidi ageuze shingo kama kuku anayeangalia angani ndipo aone bango lote. Kwa mkewe hakusema. Kwa daktari hakwenda, maana daktari angempa jina la ugonjwa, na kitu kikishapata jina hakifichiki tena. Alijikaza kisabuni. Mchora mabango asiyeona atakuwa nani? Swali hilo lilimchoma kuliko njaa yoyote aliyowahi kuijua.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwenye duka kubwa la dawa alikuwa amemchagua kuandika ukuta mzima wa mbele, ule unaotazama njia panda. Kazi kama hiyo mtu huipata mara moja maishani. Ukuta ule ukitoka vizuri, hakuna atakayeuliza habari za macho yake. Ukiharibika, ndiyo basi tena.

Mchana mmoja alirudi mapema kutoka kuupima ukuta. Nyuma ya kizuizi cha mbao cha karakana akamsikia Spea akizungumza, simu imewekwa sauti ya juu, na aliyekuwa upande wa pili ni binti yake Herufi mwenyewe, aliyeolewa mji mwingine.

"Bosi leo simwachi," Spea alisema. "Amenisumbua vya kutosha."

"Mjomba, umeshaujua udhaifu wake?"

"Nimeujua. Haoni kushoto. Ukimjia upande huo hana habari, mpaka umeshamrukia kichwani."

Binti akacheka. "Na akishaanguka?"

"Akishaanguka mlango unafunguka, njia yote yako."

"Ila baba usimwambie."

"Nimwambie nina wazimu?"

Herufi alirudi nyuma kwa ncha za vidole asisikike. Haoni kushoto! Siri aliyoibana mpaka kwenye mto wake wa kulalia inajadiliwa kwenye simu, kwa kicheko, na damu yake mwenyewe imo ndani ya njama.

Jioni alimkabili mkewe kwa kuzunguka.

"Huyu mdogo wako, unamwonaje siku hizi?"

"Namwona mnene."

"Ananichimba, mama watoto. Anataka karakana."

Mkewe aliweka chini bakuli alilokuwa akilikausha. "Mdogo wangu hawezi kupanga hata viatu vyake mlangoni, ndiyo apange njama?" Alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema, naye akageuka kummiminia mumewe chai. Kikombe akakiweka kulia, akakisogeza kidogo mpaka kikamgusa vidole. Herufi akaona anamkwepa. Akaamua moyoni kwamba na huyu yumo, na kwamba ukuta wa dawa ukiisha tu, Spea atafute pa kwenda.

Kesho yake, mwanga unaanza kushika, alijibanza nyuma ya kibanda cha vocha kilichokabili karakana. Haikupita muda Spea akatoka na ngazi begani, kopo mkononi. Herufi akamfuata kwa mbali, akijigonga bega la kushoto kwenye kila nguzo. Spea akaishia kwa kinyozi, ambaye bango lake Herufi alilimaliza juzi. Akaegemeza ngazi. Akapanda. Akachovya brashi kwenye nyekundu, akaanza kuandika juu ya kazi ya bwana wake.

"Shuka!" Herufi alipiga ukelele hata njiwa wakaruka. "Shuka upesi, mnafiki mkubwa wewe!"

Spea alishuka, brashi bado mkononi.

"Unaniharibia kazi watu waseme nimekwisha, siyo? Na hicho unachokificha mfukoni ni nini? Kitoe!"

Spea akakuna shingo, akatoa kidude kilichoenea kiganjani, kina kioo kidogo na vitufe viwili vilivyochakaa.

"Gemu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipewa na mpwa wangu."

"Gemu?"

"Ya kurukaruka, shemeji. Unamkumbuka yule jogoo mwenye joho, mtoto alipokuwa mdogo, tulivyokuwa tukicheza naye kwenye televisheni? Jogoo alikuwa mbele, nyuma yake bata amebeba mkoba. Bata akianguka shimoni hakuna anayemsubiri. Sasa hii ni ya bata mwenyewe. Jogoo amefungiwa mahali, na bata ndiye anamtafuta. Kuruka kwenyewe hajui, ana miguu mifupi, anaishia ukingoni. Basi nacheza na mtoto kwenye simu, ananielekeza. Tulikuficha kwa sababu ungenicheka, mtu mzima na gemu."

"Na bosi?" Sauti ya Herufi ilikuwa imepasuka. "Nilikusikia. Bosi haoni kushoto."

"Bosi ni yule adui mkubwa anayeziba mlango mwisho wa kila hatua. Huyu wa sasa ni chura." Spea alibonyeza, kioo kikawaka, kimuziki kikalia. "Tazama mwenyewe."

Herufi alikishika. Alitamani kucheka kwa furaha iliyomjaa kifuani: chura! Kumbe usiku kucha amekosana na chura! Akaona majukwaa ya kijani, akamwona chura amejaa upande wa kulia, amevimba.

"Na bata wako yuko wapi? Ameshakufa?"

Spea alikitazama kioo, kisha akamtazama shemeji yake jichoni.

"Nauliza, bata yuko wapi?"

"Yupo hapo, shemeji. Amesimama kushoto."

Furaha yote ikamtoka. Herufi aligeuza shingo polepole, na bata akajitokeza kwenye kioo, mdogo, na mkoba wake mgongoni, akisubiri. Akageuza shingo hivyo hivyo kulitazama bango la kinyozi. Mwanzoni kabisa mwa neno, K ilikuwa mbichi, inang'aa, mguu mmoja haujamalizika.

"Hiyo K..."

"Uliichora kwa chaki ukasahau kuipaka. Lilikuwa linasomeka INYOZI. Nikasema niwahi kabla mwenyewe hajafungua."

"Siyo hili tu."

"Siyo hili tu," Spea alikubali. "Gereji nayo. Na ile shule."

Herufi alikaa kwenye kibaraza cha kinyozi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kulikuwa na hasira ya mtu aliyebebwa bila kuulizwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema naitaka nafasi yako."

Na ndivyo hasa alivyomwambia mkewe.

"Dada yako anajua?"

"Shemeji, kikombe cha chai siku hizi anakuwekea upande gani?"

Herufi akakumbuka kikombe kikimgusa vidole vya mkono wa kulia. Kisha akamrudishia kile kidude, akamwambia amalizie ile K, rangi isije ikakauka vibaya.

Siku ya ukuta wa dawa, watu wa njia panda walisimama kushangaa. Spea alikuwa juu, brashi kubwa mkononi, ulimi umemtoka pembeni kwa kujitahidi. Chini, amekumbatia ngazi kwa mikono miwili, alikuwa Fundi Herufi. Mistari ya chaki waliipiga pamoja. Umbo la kila herufi alilitoa yeye, akieleza kwa mdomo, shingo amegeuza: tumbo la D lijae, mkia usivutwe. Ngazi ilikuwa ikitetemeka mikononi mwake, matone yakimwangukia begani, na alipoinua uso aliona nyayo za Spea tu. Mwenzake alikuwa ameziangalia nyayo zake yeye miaka yote hiyo, wala hakuwahi kusema zinachosha.

Mwenye duka alitoka, akatazama juu, akatazama chini, akakunja uso. Alikuwa mtu wa kushuku, na kwa haki.

"Fundi, nini tena hiki? Mimi nilikuita wewe. Mbona yuko juu Spea?"

Spea aliganda, brashi hewani. Alimjua shemeji yake. Alijua kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni mwake, ule wa mgongo unauma au wa kumpa kijana mazoezi, na kwamba yeye angeuitikia kama alivyoitikia kila kitu.

Herufi hakuiachia ngazi.

"Tairi limepata pancha, bwana mkubwa," alisema kwa sauti ambayo njia panda nzima iliisikia. "Jicho langu la kushoto halioni. Sasa ulitaka spea afungwe nyuma mpaka lini?"